Watu wa Wabwire

Jumatatu asubuhi, kabla Zacchaeus Wabwire hajamaliza kikombe chake cha kwanza cha chai, watu watatu walikuwa wameshafika mlangoni kwake Migosi, Kisumu, kumpa pole. Wa kwanza alikuwa Oluoch wa nyumba ya pili, fundi wa stima, aliyevua kofia na kuishika kifuani. Wengine wawili walikuwa akina mama wa kanisani waliobeba majani ya chai na kilo mbili za sukari. Hao waliingia wakaketi moja kwa moja, kwa sababu penye msiba mtu hangoji kupewa kiti.

"Pole sana, omera, ndugu yangu," Oluoch akasema. "Mungu ndiye anajua."

"Anajua nini?" Zacchaeus akauliza.

Oluoch akamtazama kwa huruma, ile huruma wanayoonewa watu ambao msiba umewachanganya akili, kisha akamwonyesha simu. Ilikuwa picha ya ukurasa wa gazeti. Hospitali moja ya mjini ilitangaza maiti waliokaa mochari bila kuulizwa na mtu, majina thelathini na moja, na onyo kwamba wasipochukuliwa kufikia Ijumaa ya wiki inayofuata watazikwa na kaunti. Namba kumi na nne ilisema: WABWIRE, mwanamume, miaka hamsini hivi. Mtu fulani, ningemjua ningemtaja hapa hapa, alikuwa ameizungushia namba hiyo mstari mwekundu na kuituma picha kwenye WhatsApp ya wapangaji wa ploti, ya kanisa, na ya mafundi wa Kondele.

"Huyu mimi simjui," Zacchaeus akasema.

"Uchungu," mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, na mwenzake akatikisa kichwa.

Sasa hapa inabidi nisimame kidogo, maana wapo watu wanaodhani kila jina lina ukoo wake na kila ukoo una shamba lake. Kwao Zacchaeus, kule Bungoma, mtoto wa kiume akizaliwa giza linapoingia ni Wabwire, na wa kike ni Nabwire, basi, hakuna kamati inayokaa. Akizaliwa kumbikumbi wanaporuka ni Waswa. Akizaliwa msimu wa viazi vitamu, na ni msichana, ni Nasipwondi. Lakini kumbikumbi wana msimu wao na viazi vina msimu wao, giza linaingia kila siku ya Mungu, tena kwa watu wote, hata kwa Wasamia huko mpakani ambao nao wana akina Wabwire wao. Ukisimama Kondele saa kumi na mbili jioni ukaita "Wabwire!" utasababisha ajali.

Zacchaeus aliyasema haya yote kwa upole, huku chai ikipoa. Akamkumbusha Oluoch kwamba yeye mwenyewe aliitwa Oluoch kwa sababu asubuhi aliyozaliwa huko Pap Onditi kulikuwa na mawingu. Je, alikuwa ndugu wa kila mtu aliyezaliwa siku ya mawingu Nyanza nzima?

"Hiyo ni tofauti," Oluoch akasema.

"Tofauti gani?"

"Mimi hakuna mtu ameniweka kwa gazeti."

Siku ya pili hali ilikuwa mbaya zaidi. Zacchaeus alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, na kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo moja Kondele, mahali ambapo amekaa miaka ishirini na miwili bila kugombana na mtu. Siku hiyo mafundi nguo walikuja na cherehani zao mabegani, wakamwona ameketi na bisibisi mkononi, wakageuka nazo. "Maliza mambo ya ndugu yako kwanza, Baba," mmoja alimwambia. "Cherehani itangoja." Alisema hivyo kwa heshima, na heshima ndiyo iliyomkera Zacchaeus.

Mkewe, Lorna, alimwambia anyamaze, yatapita. Yangepita, nami nisingekuwa na la kusimulia, lau si Umoja.

Umoja wa Kufaana wa Watu wa Magharibi, Kondele na Viunga Vyake, ulikuwa na wanachama sitini na kazi moja: mwanachama akifa, unamnunulia jeneza na kumtafutia gari la kumfikisha nyumbani. Vyama vya namna hii ni vingi Kisumu, na mtu asiyekielewa chama cha mazishi hajawahi kukaa mbali na kwao. Zacchaeus alikielewa vizuri. Hakuogopa kufa. Aliogopa kufia Kisumu na kubaki Kisumu. Aliwahi kumsindikiza fundi mwenzake kwenye makaburi ya mji, wakiwa watu sita, na mmoja wa hao sita alikuwa akizungumza na simu tangu mwanzo hadi udongo wa mwisho. Siku ile aliporudi alijiunga na Umoja kabla hata ya kuosha viatu. Tangu hapo, kila alipofikiria kifo, alifikiria gari likikata kona ya kwao Chwele na mamake akitoka nje kumpokea, na moyo ukatulia.

Umoja ulikutana Jumatano katika darasa la chekechea, wazee kwa vijana wakiwa wameketi kwenye viti vidogo vya rangi, magoti yakigusa videvu. Mwenyekiti, Mzee Waliaula, alikuwa mwalimu aliyestaafu, ila ungedhani bado hajaambiwa hivyo.

"Kifungu cha tisa," akasoma. "Mwanachama atakayemtelekeza maiti wake, Umoja utamtelekeza naye siku yake ikifika."

"Mzee, maiti si wangu," Zacchaeus akasema.

"Anaitwaje?"

"Wabwire."

"Na wewe unaitwaje?"

"Mwalimu, si unanijua?"

"Jibu swali."

"Wabwire."

"Katibu, andika." Na katibu, mama mmoja mkali aitwaye Nasipwondi, akaandika.

Zacchaeus akasimama kwa shida kutoka kwenye kile kiti. Akawaonyesha Waswa mrefu na Waswa wa makaa, walioketi bega kwa bega safu ya pili. Hawa wawili hawakuwa na undugu wowote, na kila mtu mle ndani alilijua hilo. Mbona hakuna aliyewahi kuwaambia wazikane?

"Hakuna aliyekufa," Waswa mrefu akasema, na darasa zima likakubali kwamba hapo amesema kweli.

Uamuzi ulikuwa huu: kufikia Jumapili Zacchaeus alete ushahidi kwamba marehemu si ndugu yake, au ushahidi kwamba anamzika. Akikosa vyote viwili, jina lake litafutwa daftarini. Haya, nenda kathibitishe kwamba mtu si ndugu yako. Ndugu utamthibitisha kwa picha, kwa shahidi, kwa pua mliyorithi. Asiye ndugu utamthibitisha kwa nini?

Alhamisi akaenda mochari. Mhudumu alikuwa mtu wa Nyeri aitwaye Wanjohi, mnene, mwenye buti za mpira na andazi mkononi, mtu aliyezoea kazi yake hata akawa mchangamfu.

"Wabwire? Karibu, karibu!" Aliliweka andazi chini. "Tumekungoja sana."

"Mimi si wake. Nimekuja kwa sababu si wangu." Zacchaeus akamweleza habari ya jina na ya Umoja.

Wanjohi akafikiri. "Mimi ni Wanjohi," akasema hatimaye. "Nimepewa jina la babu yangu, naye la babu yake. Akina Wanjohi tumejaa kila soko. Lakini hakuna mtu amewahi kuniletea maiti aseme ni ya Wanjohi, chukua. Nyinyi mna mambo."

Hata hivyo alikuwa mwungwana, akafungua jalada. Marehemu alikuwa na kitambulisho kilichochakaa hadi jina moja tu na mahali pa kuzaliwa ndivyo vilivyosomeka. Alizaliwa Funyula, Samia. Alikuwa akipakia mchanga kwenye malori karibu na ziwa, mapafu yakamchoka, akaja hospitalini kwa miguu yake mwenyewe, akalala siku tatu. Alipoulizwa jina la mtu wa karibu, alisema hakuna, na nesi akaandika hakuna. Wanjohi mwenyewe alikuwa amempigia simu naibu wa chifu wa huko. Mama alikufa zamani, shamba liliuzwa, na dada mmoja aliolewa Uganda ambako hakuna anayejua ni wapi.

"Msamia!" Zacchaeus akasema. Alikaribia kumkumbatia Wanjohi. "Mimi ni Mbukusu. Samia sijawahi hata kukanyaga. Niandikie hayo, tafadhali, na upige muhuri."

Wanjohi akaandika, polepole, kwa mwandiko mzuri. Alipopiga muhuri akaishika barua kidogo kabla ya kuitoa.

"Miezi mitatu mtu huyu yuko hapa," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kuuliza habari zake. Nilipokuona mlangoni nilifurahi, unajua?" Kisha akauliza, "Unataka kumwona?"

"Hapana," Zacchaeus akasema, akaikunja barua mara nne. Aliona haya, nisidanganye, aliona haya mpaka masikio yakawaka, lakini alikuwa na barua yenye muhuri na alishika njia ya Kondele bila kugeuka.

Jumapili barua ilisomwa mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya waliochelewa. Mzee Waliaula aliukagua muhuri kwa miwani, kisha bila miwani. Akatangaza kwamba mwanachama amesafishwa na jina lake litabaki. Watu wakapiga makofi. Waswa wa makaa akamshika mkono na kumwambia hongera kwa kutofiwa, na mle ndani hakuna aliyeona ajabu.

"Na yeye je?" Zacchaeus akauliza.

"Nani?"

"Yule Wabwire."

"Ijumaa kaunti itazika," Mzee Waliaula akasema. "Shimo moja, wote. Watawekewa namba."

"Na maombi?"

"Pasta akipatikana."

Kikao kikafungwa kwa sala na watu wakainuka kutoka kwenye viti, kila mtu akishika kiuno.

Zacchaeus angepaswa kufurahi. Jumatatu cherehani zilirudi, saba, na kazi ikawa tele. Lakini kazi ya fundi ni kuitwa. "Wabwire, sindano inavunja uzi." "Wabwire, mkanda umelegea." "We Wabwire, nitapata hiyo kitu yangu leo ama kesho?" Kila alipoitwa aligeuka, na kila alipogeuka alimkumbuka yule mwingine aliyekuwa mochari na jina zima la kwake, jina alilopewa na mtu, na ambalo Ijumaa litavuliwa na kubadilishwa kwa namba kumi na nne. Ilipofika saa nane, mteja mmoja akaita, na Zacchaeus hakugeuka. Aliweka bisibisi chini, akafunga kibanda, akaenda nyumbani kwa Mzee Waliaula.

Mzee alikuwa akila. Alimsikiliza hadi mwisho, na ilikuwa mara ya kwanza.

"Wewe," akasema, "ulikuja kwetu na muhuri kuthibitisha huyu mtu si wako."

"Ndiyo, Mzee."

"Sasa unataka tumchukue."

"Ndiyo, Mzee."

"Umoja hausafirishi wageni. Tukianza, tutabeba Kisumu nzima." Mzee akanawa mikono taratibu. "Njia ni moja tu. Mwanachama ana jeneza moja na gari moja, la kwake mwenyewe. Unaweza kumpa yeye. Lakini ukishampa umempa, Zacchaeus. Wewe ukifa, sisi tutakuja kuimba tu."

"Mtakuja kuimba?"

"Hilo hakuna kifungu kinachokataza."

Nasipwondi akaitwa na daftari lake. Alimwuliza Zacchaeus mara tatu kama ameelewa, na mara ya tatu sauti yake haikuwa kali tena. Zacchaeus alitia sahihi. Alikuwa ameelewa.

Lorna alipoambiwa alikasirika, si mchezo. "Yaani wewe! Miaka kumi na mitatu unachangia usije ukazikwa na mji, halafu unampa mtu hata hujamwona uso! Ukifa nitakupeleka Chwele na nini? Na boda boda? Nikufunge kamba nyuma na gunia la mahindi?" Lorna hakumsemesha hadi Jumatano. Jumatano akafungua sanduku, akatoa suti ya kijivu ambayo Zacchaeus alikuwa ameitunza kwa ajili ya siku yake, akaipiga pasi, akamtupia.

"Mpelekee. Wewe suti ya nini tena, gari huna." Halafu akageukia ukuta akalia, na Zacchaeus akasimama pale na suti mkononi bila kujua amshike bega au amwache.

Alhamisi mapema walikuwa mochari, Zacchaeus na Oluoch, ambaye alikuja bila kualikwa na hakutaka kueleza. Wanjohi alimvisha marehemu ile suti. Ilimpwaya mabegani lakini ilikubali. Safari hii Zacchaeus aliangalia. Alikuwa mtu mrefu, mweusi, mwenye kovu kidevuni, na hakufanana naye hata kwa kucha.

Kulikuwa na fomu. "Uhusiano na marehemu," Wanjohi akasoma, kalamu ikiwa juu. "Wiki iliyopita nimeandika hapa si ndugu yako. Na muhuri nikapiga."

"Andika ndugu."

Wanjohi akaandika. "Moja kati ya hizi mbili ni uongo," akasema, "na mimi sitaki kuambiwa ni gani." Akatoka nao hadi kwenye gari, akasaidia kubeba, na lango lilipofunguliwa alisimama akipunga mkono kama anayeaga wageni wa harusi.

Saa nane mchana walikata kona ya Chwele. Zacchaeus alikuwa amempigia simu mpwa wake achimbe kaburi kando ya ua, maana mgeni hazikwi katikati ya boma. Mamake hakuambiwa mengi. Bibi Nasambu alikuwa na zaidi ya miaka themanini, na simu haikuwa kitu cha kumwelezea jambo kama hilo. Zacchaeus alikuwa amesema tu kwamba anakuja na mgeni.

Bibi alitoka nje akijifunga leso. Alimsalimia mwanawe, akamsalimia Oluoch, akachungulia ndani ya gari.

"Mgeni yuko wapi?"

Wakateremsha jeneza, wakaliweka juu ya stuli mbili chini ya kivuli cha nyumba. Bibi akalizunguka.

"Ni nani?"

"Anaitwa Wabwire, Mama."

"Wa nani?"

"Hana mtu. Alizaliwa Samia. Mamake alikufa."

"Undugu wetu naye uko wapi?"

"Hakuna, Mama. Tuna jina tu."

Zacchaeus akangoja agombezwe. Bibi Nasambu hakumgombeza. Aliinama polepole, akaweka viganja vyote viwili juu ya kifuniko, akavua kitambaa kichwani. Kisha akaanza.

"Wabwire! Wabwire we, omwana wase, mwanangu!" Hakuna aliyedhani mwanamke wa umri ule amebakiwa na sauti kama ile. "Ulinichelewesha tangu asubuhi, Wabwire! Jua likazama sijakuona! Niko peke yangu, baba yako yuko mnadani, kuku wanaingia kulala na mimi nimeshika nguzo ya mlango! Nikasema nakufa! Giza likaingia nawe ukaingia nalo, sikuona uso wako, nikakupapasa kwa mikono, Wabwire, nikahesabu vidole gizani! Sasa nani amekufunika kabla sijakuona tena?"

Zacchaeus alikuwa na miaka hamsini na mmoja na hakuwahi kuambiwa habari hizo. Alisimama hatua mbili kutoka kwenye jeneza, mzima, viatu vina vumbi la safari, akamsikiliza mamake akimlilia.

Wanawake wa jirani walisikia jina. Katika boma lile walimjua Wabwire mmoja tu. Wakatupa majembe, wakaja mbio wakipiga mayowe, wanane au tisa, mikono kichwani, wakakata kona ya nyumba, na wakamkuta Wabwire mwenyewe amesimama akiwatazama. Mmoja alirudi nyuma akaanguka juu ya mwenzake. Kilio kikakatika.

"Nasambu," mwanamke mmoja akasema, akihema, "mwanao si huyu hapa?"

"Ndiye," Bibi Nasambu akasema.

"Basi tunamlilia nani?"

Bibi akainua uso wenye machozi akawatazama mmoja mmoja, na alikuwa amekasirika. "Huyu naye hakuzaliwa? Mamake hakushika nguzo? Mama hayupo, kwa hivyo mnanyamaza? Lieni!"

Wakatazamana. Kisha yule aliyeanguka akajipangusa vumbi, akaweka mikono kichwani, akaanza tena, na wenzake wakafuata, hadi boma zima likajaa jina. Zacchaeus akasogea akasimama kando ya mamake, akaweka kiganja chake juu ya kile kifuniko. "Wabwire," akaita, kwanza kwa sauti ndogo, halafu kwa sauti yake yote, "Wabwire! Wabwire we!" na akalia.